Goti Linalosagika: Namna ya Kujua Kinacholiumiza na Kurudi Kutembea

Watu wanaokuja kwangu kwa ajili ya magoti huuliza maswali matatu yale yale: je, ni kweli kwamba uteute (majimaji yanayolainisha goti) umeisha, je, nipumzike au nitembee, na je, maji ya bamia yanasaidia? Nimekuwa nikiyajibu vipande vipande, mtu mmoja mmoja, nikiwa nimesimama mlangoni na mgonjwa mwingine akisubiri. Mwongozo huu unayajibu kwa utaratibu. Umeandikwa kwa ajili yako uliye na miaka 45 au zaidi, ambaye goti lako huuma unapolitumia, hutulia ukipumzika, na asubuhi hukakamaa kwa muda usiozidi nusu saa. Mwenye dalili hizo, pasipo dalili za hatari nitakazozitaja, kwa kawaida ana ugonjwa wa kusagika kwa goti, na mara nyingi hauhitaji hata picha ya eksirei ili kuutambua.

Nadharia unayohitaji ni fupi. Katika goti la namna hii gegedu linalofunika ncha za mifupa hupungua, mfupa ulio chini yake hubadilika, utando wa ndani huvimba kidogo kidogo, na misuli ya paja hudhoofika. Lakini ukubwa wa maumivu haulingani na ubaya wa picha. Wapo watu ambao eksirei zao zinatisha na bado wanapanda ngazi bila kulalamika, na wapo ambao picha zao ni karibu safi lakini hawafiki sokoni. Kinachoamua utembee kiasi gani ni nguvu ya paja, uzito wa mwili, kazi unazolitwisha goti kila siku, usingizi, na hofu yako ya kulitumia. Hayo yote yanabadilika, ingawa picha haibadiliki.

Kabla ya kuanza

Hakikisha kwanza kwamba goti lako si miongoni mwa yale yanayotakiwa kufika hospitali leo. Goti lililovimba ghafla na kuwa la moto, hasa kama una homa, linaweza kuwa na usaha ndani, na usaha huharibu goti kwa siku chache tu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa goti hilo kwa mgongo wa kiganja, kisha gusa la pili na ulinganishe. Nenda hospitali pia ikiwa umeanguka na huwezi kuukanyagia mguu, ikiwa kigimbi cha mguu mmoja kimevimba na kinauma (huenda ni damu iliyoganda), au ikiwa maumivu yanakuamsha kila usiku huku unapungua uzito bila sababu. Anayekakamaa asubuhi kwa zaidi ya saa moja, na vidole vya mikono yake yote miwili vimevimba, huenda ana baridi yabisi. Huo ni ugonjwa mwingine wenye dawa zake, na kuchelewa kuzianza kuna gharama.

Vifaa ni hivi: kiti kigumu chenye kimo cha sentimita 45 hivi, daftari na kalamu, simu inayohesabu sekunde, kanga au taulo la kukunja, na ngazi moja fupi ya mlangoni. Ukiwa na kiti cha plastiki, kiegemeze ukutani kabla ya kukitumia, kwa sababu kwenye sakafu ya vigae kiti hicho huteleza na kumwacha mtu chini.

Hatua za kufuata

1. Pima hali yako ya leo. Kaa kitini, fumba mikono kifuani, kisha simama wima na ukae tena mara nyingi kadiri uwezavyo ndani ya sekunde 30. Andika idadi. Ukishindwa kusimama bila kushika kitu, andika sifuri na uongeze maneno "kwa kushika", kwani hiyo pia ni sehemu ya kuanzia. Andika vilevile kiwango cha maumivu kati ya 0 na 10, ambapo 10 ni maumivu makali kupita yote unayoweza kuyawaza. Mwisho, chagua shughuli moja iliyokushinda na ambayo unaitaka irudi, kwa mfano kwenda kituo cha daladala bila kusimama njiani.

2. Andika daftari kwa siku saba bila kubadili chochote. Kila jioni andika kazi ulizofanya na kiwango cha maumivu, na asubuhi inayofuata andika kiwango tena. Kipimo cha asubuhi ndicho muhimu zaidi, kwa sababu goti lililozidishiwa kazi mara nyingi hulalamika kesho yake. Watu wengi huiruka hatua hii wakidhani wanajua tayari kinachowaumiza. Mama mmoja anayekaanga vitumbua aliniapia kwamba tatizo lake ni mwendo wa kwenda sokoni, na alikuwa amekwisha kuuacha akawa anamtuma mjukuu. Daftari lilipofunguliwa, asubuhi zenye 7 na 8 zote zilifuata siku za kukuna nazi. Alikuwa akikaa juu ya mbuzi kwa muda mrefu, magoti yamekunjika karibu na kifua, kisha anahamia kwenye kigoda mbele ya jiko lililo chini, na kila alipohitaji kitu alijinyanyua kwa kuvuta ukuta. Siku za sokoni zilikuwa na 3 na 4 tu.

3. Punguza kunakolemea, usipunguze kutembea. Goti hubeba mzigo mkubwa zaidi linapokunjwa sana huku likibeba mwili, yaani wakati wa kuchuchumaa, kupiga magoti, kushuka ngazi na kuinuka kutoka chini. Yule mama aliinua jiko juu ya matofali, akapata kiti cha kimo cha kawaida, na nazi akawa anakuniwa na kijana wa jirani kwa malipo kidogo. Kufua na kupepeta mchele kufanyike juu ya meza. Choo cha kuchuchumaa ndicho kinachowatesa wazee wengi kimyakimya, kwa kuwa wanaona aibu kukitaja, na baadhi yao hupunguza kunywa maji ili wasiende mara kwa mara. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu kikakaa juu ya choo hicho, pamoja na ubao wa kushikia uliopigwa misumari ukutani. Muislamu ambaye sujudu inamuumiza anaruhusiwa na dini yake kuswali akiwa ameketi kitini, na Mkristo anayeshindwa kupiga magoti hana sababu ya kujilazimisha. Kwenye ngazi na kwenye daladala, tanguliza mguu mzima unapopanda na mguu mgonjwa unaposhuka, na umwambie konda mapema kwamba unashuka ili usirushwe.

4. Imarisha paja. Hapa ndipo penye kazi kubwa ya mwongozo huu. Msuli wa mbele ya paja ndio unaopokea kishindo kila unapokanyaga, na ukidhoofika, kishindo chote hulishukia goti. Fanya mazoezi yafuatayo siku tatu kwa wiki, ukiacha siku moja katikati.

   a) Lala chali, weka kanga iliyokunjwa chini ya goti, kisha ikandamize kwa goti hadi uone paja limekaza. Hesabu hadi tano, legeza. Rudia mara 10 kwa kila mguu.

   b) Kaa kitini, nyoosha goti hadi mguu uwe sambamba na sakafu, shikilia kwa sekunde tano, ushushe taratibu. Rudia mara 10. Ukiona ni rahisi baada ya wiki mbili, ning'iniza juu ya kifundo cha mguu mfuko wenye nusu kilo ya mchele, kisha kilo moja.

   c) Simama na ukae kitini mara 8 hadi 12, pumzika dakika moja, rudia duru ya pili. Kama kiti ni kifupi mno kwako, ongeza mto juu yake, na uuondoe nguvu zikirudi. Angalia goti lako wakati wa kuinuka: lielekee kwenye vidole vya mguu, lisiingie ndani kulifuata goti la pili. Kaa taratibu kwa kuhesabu moja hadi tatu, kwani kujidondosha kitini kunaiondolea misuli kazi yake.

   d) Shika ukuta, nyanyuka kwa ncha za vidole, ushuke. Mara 10. Kisha, ukiwa bado umeshika ukuta, nyanyua mguu mmoja kando bila kuinamisha kiwiliwili, mara 10 kila upande. Misuli ya nyonga inayofanya kazi hiyo ndiyo inayokuzuia kuyumba unapotembea.

   e) Kuanzia wiki ya nne, panda na kushuka ngazi moja fupi mara 8 kwa kila mguu ukiwa umeshika fremu ya mlango.

   Maumivu kidogo wakati wa mazoezi si ishara kwamba goti linaharibika. Kanuni ninayowapa watu ni kwamba maumivu yasizidi 5 wakati wa zoezi, na yarudi kwenye kiwango cha kawaida ndani ya saa 24. Yakizidi hapo, usiache mazoezi: punguza idadi kwa nusu, au ongeza mto kitini, kisha panda upya pole pole. Kosa la kawaida ni kufanya kwa bidii sana siku ya kwanza, kuumwa siku tatu, na kutangaza kwamba mazoezi hayafai. Kosa la pili ni kuacha wiki ya tatu kwa sababu hakuna mabadiliko, ilhali nafuu ya kuhesabika huja kati ya wiki ya 6 na ya 12.

5. Tembea kila siku, na ushike fimbo upande unaostahili. Anza na muda ambao hauongezi maumivu ya kesho yake, hata kama ni dakika tano, na uongeze dakika moja au mbili kila baada ya siku chache. Dakika kumi mara tatu kwa siku zina faida sawa na nusu saa mfululizo, na goti huzivumilia zaidi. Vaa viatu vyenye soli laini visivyo na kisigino kirefu, na utupe ndala zilizolika upande mmoja. Fimbo ishikwe kwa mkono ulio upande wa goti zima. Najua inaonekana kinyume, na karibu kila mgeni huishika upande wa ugonjwa, lakini fimbo na mguu mgonjwa vinatakiwa kukanyaga pamoja ili mkono ubebe sehemu ya uzito. Urefu wake upimwe ukiwa umevaa viatu na umening'iniza mkono: kishikio kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, pale mkono unapoungana na kiganja, ili ukiishika kiwiko kikunjike kidogo. Mkongojo wa kurithi kutoka kwa babu huwa mrefu mno, basi ukate na uuvishe raba chini.

6. Punguza uzito ikiwa umezidi. Unapotembea, goti hubeba mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wako. Utafiti uliofanywa kwa watu wazima wenye uzito mkubwa na magoti yaliyosagika ulionyesha kwamba kila kilo moja iliyopungua mwilini iliondoa takriban kilo nne za mzigo kwenye goti kwa kila hatua. Mtu wa kilo 90 akipunguza kilo 4 au 5 ataanza kuhisi tofauti, na akifika kilo 9 tofauti huwa kubwa zaidi, hasa akiunganisha mlo na mazoezi. Anza na vitu vinavyopunguzika bila vita nyumbani: sukari katika chai, soda, chapati na maandazi ya asubuhi, na ukubwa wa kifusi cha wali au ugali. Mboga na maharage vijaze nafasi iliyobaki.

7. Tazama usingizi na mawazo. Asubuhi inayofuata usiku mbovu, goti lile lile huuma zaidi, na daftari litakuonyesha hilo bila mimi kulieleza. Usiweke mto chini ya goti usiku kucha, ingawa unaleta raha, kwa sababu goti huzoea kukunjika na baadaye hukataa kunyooka. Hofu nayo ina sehemu yake. Aliyeambiwa kwamba "mifupa inasagana" huacha kutembea, paja linanyauka, na goti huuma zaidi kwa kukosa wa kulisaidia.

8. Tumia dawa kama msaada wa mazoezi. Jeli ya diklofenaki ya kupaka mara tatu au nne kwa siku ndiyo ya kuanza nayo, kwa kuwa kiasi kidogo tu huingia katika damu. Ipe wiki mbili kabla ya kuihukumu. Vidonge vya diklofenaki na aibuprofeni hupunguza maumivu kweli, lakini vinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Anayetumia dawa za presha, mwenye kisukari, mwenye figo dhaifu au aliyewahi kuwa na vidonda vya tumbo asivinunue dukani bila kuzungumza na daktari. Parasetamo hutoa nafuu ndogo, na kwa mtu mzima mwenye afya isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Jihadhari na unga au vidonge visivyo na jina vinavyouzwa kama dawa ya asili na ambavyo huondoa maumivu yote kwa siku mbili. Dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa na steroidi, yaani dawa kali za kupunguza uvimbe, ambazo kwa matumizi ya muda mrefu hupandisha sukari, huidhoofisha mifupa, na hazifai kukatishwa ghafla. Kwa goti lililovimba, funga barafu za mfuko, zile zinazouzwa kwa watoto mitaani, ndani ya kanga na uziweke dakika 15. Kwa goti lililokakamaa bila kuvimba, tumia taulo la maji ya moto.

9. Pima tena wiki ya 6 na ya 12. Rudia kipimo cha kiti cha sekunde 30 kwa kiti kile kile, na usome daftari. Mara nyingi idadi ya kusimama hupanda kabla maumivu hayajashuka, kwa hiyo usitazame namba moja tu.

Mambo yakienda kombo

*Goti limevimba baada ya mazoezi.* Acha ngazi na zoezi la kusimama kwa siku mbili au tatu, endelea na (a) na (b), weka barafu, kisha rudi ukiwa na nusu ya idadi. Likiwa la moto na una homa, rudi juu kwenye dalili za hatari.

*Goti linalegea ghafla ninapotembea.* Mara nyingi ni paja dhaifu, na hatua ya 4 ndiyo dawa, pamoja na fimbo kwa muda. Likikwama kabisa lisiweze kunyooka, linahitaji kuonwa na daktari.

*Goti linalia kama linasaga mchanga.* Mlio usio na maumivu hauhitaji tiba yoyote.

*Nimeambiwa uteute umeisha.* Haujaisha. Goti lililosagika mara nyingi huwa na majimaji mengi kuliko kawaida, ndiyo maana huvimba. Bamia, mlenda na supu ya kongoro ni vyakula vizuri, lakini ute wa bamia humeng'enywa tumboni kama chakula kingine na hausafiri hadi gotini. Mwenye kupunguza uzito aangalie pia mafuta yanayoelea juu ya supu hiyo.

*Nimeshauriwa kuchomwa sindano ya goti.* Sindano ya steroidi ndani ya goti inaweza kutoa nafuu ya wiki kadhaa. Ifanywe na daktari katika mazingira safi, na uitumie nafuu hiyo kuyaongeza mazoezi badala ya kurudi kwenye mbuzi ya nazi.

*Nimeambiwa goti lisafishwe kwa kamera.* Mwaka 2002 madaktari wa Houston, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 180: waliosafishwa goti hawakupata nafuu kupita wale waliochanjwa ngozi tu bila goti kuguswa ndani. Kwa goti la kusagika lisilokwama, sioni sababu ya kulipia usafishaji huo.

*Miezi sita imepita na bado silali.* Ikiwa umefuata hatua hizi kwa uaminifu na bado maumivu yanakunyima usingizi na mwendo, uliza kuhusu kubadilishiwa goti, upasuaji ambao kwa Tanzania unafanyika katika hospitali kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Takwimu za Australia na Finland zinaonyesha kwamba takriban magoti 8 kati ya 10 yaliyobadilishwa huwa bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Usiache zoezi la paja unaposubiri tarehe, kwa sababu anayeingia chumba cha upasuaji akiwa na paja lenye nguvu hutembea vizuri zaidi baadaye. Siku ya kumwona daktari nenda na daftari, na umfungulie ukurasa wa wiki ya kwanza pamoja na wa mwisho.